Jina la Juma Lililokatwa Kwenye Karatasi

Siku jeneza la mwanangu Juma lilipozuiwa mlangoni, waliokuwepo nyumbani kwetu Isevya ni hawa. Mume wangu, Hamisi Maganga, fundi bati. Mama yake mume wangu, Bibi Kalunde, mtu wa Ziba. Dada yangu Mwajuma, ambaye alinishika bega nisianguke. Binti yangu Tatu, alikuwa chumbani amelala. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Sadiki. Maalim Idrisa, aliyekuja kusalisha. Mafundi wawili waliofanya kazi na mume wangu, Kasanda na Mrisho. Na Kondo, msimamizi wa banda la mafundi, Mzaramo, mtani wetu. Yeye ndiye aliyeuzuia mlango. Mimi ni Nyamizi binti Kapela, mama wa marehemu.

Nawataja kwanza kwa sababu baadaye baadhi yao waliitwa mahakamani waseme walisikia nini, na baadhi hawakuitwa.

Shule sikwenda. Herufi nilizijua ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na nitasema kilichonipeleka huko. Naandika sasa kwa kuwa kina mama wa mtaa wetu wamenijia. Kuna watu wameanza tena kuyeyusha betri uani kwao, betri za sola na za pikipiki, na watoto wanacheza hapo hapo. Kina mama wananiuliza, bibi, wewe yalikukuta, ulifanyaje? Basi nitasema nilivyofanya, na nilipokosea.

Kabla ya maradhi tulikuwa watu wa kawaida tu. Mume wangu alikuwa na baraza yake. Alitengeneza koroboi, vikombe vya bati, machujio ya asali, na madebe ya warina asali waliotoka porini. Mkono wake ulijulikana. Debe la Hamisi halivuji, watu walisema hivyo mpaka Sikonge. Mimi nilipika vitumbua asubuhi, mchana nalima kibustani cha mchicha nyuma ya nyumba. Tulikuwa na watoto wawili, Tatu na Juma. Juma alikuwa mtoto mnene, mcheshi, anaingia nyumba za watu bila kubisha hodi na anatoka na kitu mkononi.

Ikaja amri kwamba mafundi wasikae kila mmoja barazani kwake kama mabwanyenye, wakae pamoja, wafanye kazi kwa ujamaa. Likajengwa banda kubwa la mabati, hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu. Mafundi bati wote wakaingizwa humo. Sisemi kwamba kukaa pamoja ni kubaya. Wengine walifurahi, walipata vyombo ambavyo hawakuwa navyo. Msimamizi akaletwa Kondo, ambaye zamani alikuwa reli. Alipofika tu akatangaza kwamba amekuja kuwafundisha Wanyamwezi kuvaa suruali. Mume wangu akamjibu kwamba tunashukuru, maana Mzaramo hajui kazi lakini kuvaa anajua. Watu wakacheka siku nzima.

Kwa vijana wasiojua, niseme hivi. Babu zetu walibeba mizigo kichwani kutoka hapa mpaka pwani. Njia ilipita kwa Wazaramo. Walipigana nao, wakauziana maji na chakula, wakaoana, wakazikana njiani. Ndipo ukatoka utani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na huwezi kukasirika. Anaweza kuchukua kuku wako. Na kwenye msiba wako ana kazi yake, ambayo nitaieleza.

Mwaka ule tuliokula mahindi ya njano, bati likaadimika. Banda likakaa bila kazi. Kondo akapata wazo, na siwezi kusema lilikuwa wazo la mtu mbaya. Reli walikuwa na betri kuukuu za mabehewa, kubwa kama masanduku, zimelundikana. Ndani ya betri kuna mabamba ya risasi, yale madini mazito ya kijivu. Ukiyayeyusha unapata lehemu ya kuungia bati, na unaweza kumimina chubwi, vile vizito vinavyofungwa chini ya nyavu. Chubwi zilipakiwa treni kwenda Kigoma kwa wavuvi wa ziwa. Kazi ikarudi. Kondo akasifiwa kwenye mkutano.

Kina mama tuliitwa kupasua. Unakaa chini, betri mbele yako, nyundo mkononi. Maji yake makali yanamwagwa mchangani. Unatoa mabamba unayaweka huku, na vibao vyembamba vilivyokaa kati ya mabamba unaviweka kule. Vile vibao tuliambiwa ni vyetu, tupeleke nyumbani tukapikie. Kuni zilikuwa shida, tulishukuru. Viliwaka vizuri kwa moto wa rangirangi. Mimi nilipikia vibao hivyo miezi mingi. Ugali wa mahindi ya njano, kwa kuni za betri.

Vumbi lake ni tamu. Hili hakuna aliyeniambia, nililijua kwa ulimi wangu. Ukirudi nyumbani ukilamba midomo unaona utamu kama wa sukari ya mbali. Watoto walilijua kabla yetu. Juma alikuwa akishinda kwenye lundo la jivu nyuma ya banda, anachovya kidole na kulamba. Sukari yenyewe ilikuwa haionekani madukani. Nilimpiga kwa kuchafua nguo. Sikumpiga kwa kulamba.

Maradhi yalianzia kwangu. Tumbo likawa linanikaza kama mtu anakamua nguo. Siku tano, sita, siendi haja kubwa. Nikienda, ni vijiwe vyeusi. Mdomo una ladha ya senti. Nilikuwa na mimba ya miezi minne, ikatoka nikiwa nimeinama napasua betri. Nilijifunga kanga nikaenda nyumbani kwa miguu yangu. Kesho kutwa nikarudi bandani. Halafu mkono wa kulia ukaanza kulegea. Nasonga ugali, kiganja kinaanguka, mwiko unaanguka. Mwajuma akanitania kwamba nimezeeka kabla ya yeye aliyenitangulia kuzaliwa.

Kisha Juma. Alianza kukataa chakula. Akawa mweupe machoni na kwenye viganja. Tumbo limevimba, likiguswa analia. Mtoto aliyekuwa anasema sentensi nzima akarudi kusema neno moja moja. Hospitali walimpa vidonge vya minyoo, safari nyingine klorokwini, safari nyingine dawa ya kuongeza damu. Siwalaumu sana, wagonjwa walikuwa wengi na kila homa ni malaria.

Asubuhi moja akashikwa na degedege. Macho yakageuka, mwili ukakakamaa, povu likamtoka. Mama mkwe alikuwa mjuzi wa kufukiza. Kwa degedege mtoto anafunikwa shuka, chini yake kunawekwa chungu cha makaa na dawa, avute ule moshi. Bibi Kalunde alifanya kama alivyofundishwa na mama yake, kwa mapenzi yote. Makaa alichota jikoni kwangu, na jikoni kwangu kulikuwa na vibao vya betri.

Juma alivuta moshi ule asubuhi mbili. Siku ya tatu, jua limeshapanda, nikiwa nimembeba mgongoni tuko njiani kwenda hospitali, nikaona kimya. Nikajua. Niliendelea kutembea mpaka hospitali, sikutaka kumfungua mgongoni barabarani. Kwenye karatasi waliandika malaria ya kichwani.

Sasa mlango. Kwenye msiba wa Mnyamwezi, mtani Mzaramo huzuia jeneza lisitoke. Analala kizingitini. Kwa mtu mzima watani hufanya vichekesho vingi, humwiga marehemu anavyotembea, anavyokohoa. Kwa mtoto wanapunguza, lakini mlango lazima uzuiwe. Mtani anadai neno kwa wafiwa, wafiwa wanalitoa, anaondoka. Ndiyo heshima yenyewe. Msiba usiozuiwa mlango ni msiba wa mtu asiye na watu.

Kondo alikuja na shati lake la kazi. Alilala kizingitini, kifudifudi. Alikuwa analia, hilo niliapa mahakamani na nalisema tena. Akasema, "Huyu mtoto kaniibia karanga kila siku. Hatoki hapa mpaka mama yake aseme kwamba hana dai na mimi."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani. Wananingoja. Jeneza lipo nyuma yangu, jua linapanda.

Nikasema, "Sina dai nawe, mtani. Nimekuachilia. Ondoka mwanangu apite."

Akaondoka. Tukamzika Juma.

Hayo ndiyo maneno yangu. Hayakuzidi wala hayakupungua.

Baada ya arobaini maneno mengine yakaanza mtaani. Mimba imetoka, mtoto amekufa, mkono wa mkwe umelegea, na nani alikuwa akimfukiza mtoto? Bibi Kalunde. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupika, na kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu anaogopwa. Hakuna aliyemwambia usoni. Walimwambia kwa kuacha kuonja chakula chake. Nami, nisijifiche, niliacha kumpa Tatu ambebe. Aliona. Alifunga kanga zake mbili akarudi kwa kaka yake Ziba. Mume wangu alimsindikiza mpaka kwenye lori na hakusema nami siku nyingi.

Mama mkwe ameshaondoka, na Tatu naye akaanza. Tumbo, weupe, kusahau. Hapo ndipo nilipojua kwamba tumemwonea mtu.

Tulimpeleka Tatu hospitali, tukamkuta daktari mgeni, Daktari Mlay. Hakukimbilia kuandika. Alimwambia Tatu acheke. Akamshika mdomo akaufunua, akatazama ufizi kwa muda mrefu. Akaniita nione. Pale jino linapoingia kwenye nyama kulikuwa na mstari wa bluu, mwembamba kama uzi. Akaniambia na mimi nifunue mdomo. Wangu ulikuwa mweusi kabisa.

Akaniuliza, "Mama, nyumbani kwenu mnafanya kazi gani?"

Nikamweleza. Alikuwa ameshafanya kazi kwenye machimbo nje ya nchi, alishaona fizi kama zile kwa wachimbaji. Akasema risasi iko kwenye damu yetu, imeingia kwa mdomo na kwa moshi. Nikamuuliza habari za Juma. Akasema, "Sikumwona mimi. Lakini kwa unavyonieleza, sidhani ilikuwa malaria."

Damu yetu ilipelekwa Dar es Salaam na majibu yalichukua muda. Alichosema ndicho kilichorudi.

Mume wangu alikwenda kwa Kondo na habari hiyo. Kondo akasema atapeleka mbele. Akapeleka, au hakupeleka, sijui. Moto wa banda haukuzimwa hata siku moja. Familia saba tulikuwa na watoto wagonjwa. Tukaenda kwa Mzee Sadiki, balozi. Aliuliza kama tunaelewa tunachokifanya. Banda ni mali ya wananchi, alisema, na wananchi ni nyinyi, sasa mnataka kujishitaki wenyewe? Kasanda, ambaye mtoto wake alikuwa hatembei tena, alimjibu kwamba kama banda ni langu, basi naomba ruhusa ya kulifunga langu. Mzee Sadiki hakucheka.

Nje ya mahakama kulikuwa na mzee mwenye taipu, Mzee Athumani, aliyewaandikia watu barua. Ndiye aliyetuambia kwamba kuishitaki serikali kunataka serikali yenyewe ikubali, tungezeeka tunangoja jibu. Lakini banda ni la ushirika, na ushirika unashitakika. Akatuambia pia kuna walimu na wanafunzi wa sheria wa chuo kikuu wanaowasaidia wanyonge bila malipo, likizo huja mikoani. Akatuandikia barua. Ilikaa muda mrefu, nikaisahau.

Wakili alikuja kwa treni. Msichana mwembamba, Felista, mtu wa kaskazini, na miwani. Wanaume walipomwona walitazamana. Aliingia kila nyumba. Alikaa kwenye jamvi langu, akaandika kila nilichosema, akala mihogo yangu baada ya kuniuliza nimeipikia kuni gani. Hapo nikampenda.

Akaniuliza, "Mama, unataka mahakama ikufanyie nini?"

Nikamwambia mambo mawili. Tatu atibiwe. Na iandikwe, kwa mhuri, kwamba Juma aliuawa na vumbi la betri. Nilitaka karatasi hiyo niipeleke Ziba nikaiweke mkononi mwa Bibi Kalunde, mbele ya ndugu zake na majirani zake. Kuomba radhi kwa mdomo niliona hakutoshi. Mdomo ndio uliomfukuza.

Felista akasema atajaribu. Kisha akaniuliza kama kuna chochote nilichowahi kusaini au kusema mbele ya watu wa banda. Nikamwambia hakuna.

Wanangu, sikumdanganya. Utani haukunijia akilini. Nani anamweleza wakili kwamba mtani alizuia mlango? Ni sawa na kumweleza kwamba msibani tulipika ubwabwa.

Siku ya kesi chumba kilijaa. Daktari Mlay alikuja akaeleza habari za damu, vizuri, polepole. Mimi nikaapa, nikaeleza yote niliyowaandikia hapa juu, mpaka ile mimba. Wanaume waliinamisha vichwa. Nikaona hakimu anaandika, nikaona tunashinda.

Wakili wa ushirika akasimama. Mtu mzima, sauti ya taratibu. Hakuniuliza habari za betri hata kidogo. Aliniuliza, "Mama, siku ya mazishi ya mtoto wako, ulimwambia nini msimamizi, mbele ya watu?"

Nikasema yale yalikuwa ya utani.

"Ulisema huna dai naye, na kwamba umemwachilia. Ulisema au hukusema?"

Nikaanza kumweleza hakimu habari za babu zetu na njia ya pwani. Hakimu alikuwa mtu wa mbali, kwao huenda wana watani wengine. Akasema kwa upole, "Mama, jibu swali. Ulisema?"

Nikasema, "Nilisema."

Aliitwa Mzee Sadiki, akasema alisikia. Aliitwa Mrisho, akasema alisikia. Wote walisema kweli, na ndiyo uchungu wake. Maalim Idrisa na dada yangu Mwajuma, ambao wangeeleza ule ulikuwa mlango wa namna gani, hawakuitwa. Mwisho akaitwa Kondo. Nikamtazama. Nikasema moyoni, huyu atawaambia. Mzaramo huyu anajua mlango ule ni nini kuliko mtu yeyote chumbani humu.

Kondo alitazama kiatu chake. Akasema, "Aliniachilia mbele ya watu wote."

"Kwa utani au kweli?" Felista akamuuliza.

Wakuu wake wa ushirika walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Akasema, "Kwenye msiba hakuna mchezo."

Mchana tulipotoka kupumzika Felista alinivuta pembeni. Aliniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamjibu kwamba hakuniuliza habari za utani. Akasema, "Nisingejua kuuliza, mama, kwetu hatuna utani wa msibani." Tukakaa kwenye ngazi kama wajinga wawili. Kisha akavaa miwani yake, akaniambia neno moja: Tatu hakumwachilia mtu.

Tuliporudi ndani alisimama na kulisema hilo. Maneno ya mama ni ya mama. Mtoto aliye hai ana haki yake mwenyewe, na mzazi hawezi kuigawa mlangoni, kwa utani wala kwa kweli. Wakili wa ushirika alibishana. Hakimu alisikiliza, akasema ataamua baada ya wiki.

Alipoamua, alisoma majina ya watoto kumi na mmoja walio hai wa zile familia saba. Ushirika uzime moto ule karibu na nyumba za watu. Ushirika uwasafirishe watoto na mama wagonjwa kwenda kutibiwa Dar es Salaam. Tulishinda. Watu walinikumbatia. Nami nilingoja jina la kumi na mbili. Halikusomwa. Kuhusu Juma, hakimu alisema, mama yake alishayamaliza, kwa hiyo mahakama haina la kuchunguza.

Tatu nami tulilazwa Dar es Salaam wiki nyingi. Sindano za matakoni, nene, zinazochoma mpaka kwenye meno. Tunapumzishwa siku kadhaa, tunarudiwa. Tatu alikuwa akisikia viatu vya nesi anajificha chini ya kitanda, nami namtoa huko kwa mikono yangu mwenyewe. Damu ikasafika polepole. Tumbo langu likalegea, mkono ukarudi. Siku niliposhika kijiko kikakaa, nililia mpaka wagonjwa wenzangu wakamwita nesi. Tatu alipona mwili. Hesabu hazikumkaa tena kichwani, alirudia darasa mpaka akachoka. Lakini yupo hai, ana watoto, anashona, na anapika pilau kuliko mimi. Mtoto wa Kasanda hakutembea vizuri tena.

Banda lilizimwa pale petu. Waliuhamishia moto ng'ambo ya reli, kwa watoto wa watu wengine ambao hawakuwa wamemwandikia mtu barua. Nilikwenda kuwaambia kina mama wa huko. Walidhani naona wivu wamepata kuni.

Baadaye nikaenda kisomo cha watu wazima. Watu walinisifu nimeitikia wito wa taifa. Mimi nilitaka kusoma hati ya hukumu peke yangu, bila kusomewa na mtu. Niliposoma, nikakuta kwenye orodha ya walalamikaji jina la Juma Hamisi limeandikwa kwa taipu, na juu yake umepita mstari wa kalamu. Karatasi ya kumpelekea Bibi Kalunde sikuwa nayo. Nilikwenda Ziba mikono mitupu, nikapiga magoti, nikasema kwa mdomo. Alinipokea, akanipa maji. Lakini majirani zake hawakusikia chochote, na alikufa wakiwa bado wanawavuta watoto wao anapopita.

Kondo alinisimamisha sokoni siku moja. Mikono yake sasa ilikuwa imelegea kama wangu wa zamani. Akajaribu kama zamani, akasema, Mnyamwezi we, umerudi kutoka pwani, umejifunza kuoga? Nilimtazama. Nikakunja goti, nikasema, "Shikamoo, Bwana Kondo."

Mtani haamkiwi shikamoo. Alisimama na kikapu chake, hakuitikia marahaba. Ningemtukana asingeumia vile.

Miaka ikapita, Kondo akafa. Mkewe, Mama Zaina, akatuma mtu kwangu. Watani wa Kinyamwezi wamekuja wengi, alisema, lakini mlango ni wako. Nikaenda. Nikalala kizingitini na uzee wangu. Watu wakafurahi, nikawasikia wakisema, alhamdulillahi, wamepatana. Mama Zaina akacheka katikati ya machozi yake, akauliza, "Haya mtani, leo unadai nini?"

Nikasema, "Nadai jina la Juma lirudishwe kwenye karatasi."

Hakuna aliyecheka. Wabebaji walisimama na jeneza begani. Mama Zaina alinitazama, na alijua, alikuwa anajua miaka yote. Akasema taratibu, "Hilo hatuna, mtani."

Nikaamka mwenyewe. Nikapangusa vumbi kwenye kanga, nikampisha Kondo apite. Sikusema nimemwachilia.

Namshukuru Mungu kwa uhai wangu na wa Tatu. Namshukuru Daktari Mlay, aliyemwambia mtoto acheke. Namshukuru Felista, aliyekula mihogo yangu, na ambaye makosa hayakuwa yake. Kina mama mnaoniuliza, mkiona mtoto mweupe, tumbo linakaza, na jirani yenu anayeyusha betri, msingoje degedege. Ombeni damu ipimwe. Tafuteni msaada wa sheria mapema, na nendeni pamoja. Na mkikaa mbele ya wakili, mwambieni yote: mliyolia, mliyocheka, mliyotaniana. Asipouliza, mwambieni. Wale wa upande wa pili watakuwa wameshayaokota.

Niliyoyaandika nimeyatoa kichwani, na kichwa chenyewe kilishaingia risasi. Kama Maalim hakuwa Idrisa, kama nimemsahau aliyekuwepo au nimemweka ambaye hakuwepo, njooni mnisahihishe nikiwa bado hai, nyumba yangu ni ile ile. Aliyekuwepo mlangoni, aliyesikia nikisema zaidi ya yale, naye aje. Jina moja tu msiliguse. Juma Hamisi Maganga, wa Isevya, aliuawa na vumbi la betri. Sasa limeandikwa kwenye karatasi.